Barua ya wazi kwa viongozi wa afya: tarehe za kliniki, giza la mwezi na hesabu ambazo hatujazipiga

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa,
Kwa Mganga Mkuu wa Serikali,
Kwa wakurugenzi na mameneja wa programu za taifa za UKIMWI, kifua kikuu na malaria.

YAH: OMBI KWAMBA PROGRAMU ZA KUBADILI TABIA ZA KIAFYA ZIPIGIWE HESABU YA MODELI KABLA YA KUANZA NA WAKATI WOTE ZINAPOENDELEA

Waheshimiwa,

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuguzi. Sehemu kubwa ya utumishi wangu nimeimaliza katika kliniki ya tiba na matunzo, ile tunayoiita CTC, kwenye kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria ambako wateja wetu wengi wa kiume ni wavuvi wa dagaa, na wengi wa wanawake ni wale wanaoanika dagaa hao mchangani au wanaowapikia wavuvi chakula. Naandika kwa sababu nimeshuhudia programu nzuri, yenye fedha na nia njema, ikishindwa kwa kukosa hesabu ambayo mtu angeweza kuipiga kwa kalamu ya risasi, na kwa sababu leo hesabu za namna hiyo zinaweza kufanywa na kompyuta kwa undani ambao daftari langu lisingeufikia kamwe.

Nianze na daftari hilo. Tulikuwa na wateja waliokuja kuchukua dawa za kufubaza virusi bila kukosa kwa miezi mitatu au minne, kisha wakaanza kuchelewa siku mbili, siku nne, wiki nzima, hadi jina likaingia kwenye orodha ya watoro na wafuatiliaji wakatumwa mwaloni, ufukweni zinakotia nanga mitumbwi, kuwatafuta. Maelezo yaliyoandikwa kwenye majalada yao yalikuwa karibu yote ya aina moja: mteja amechoka dawa, mteja anahitaji ushauri zaidi wa ufuasi, yaani wa kumeza dawa bila kukosa. Mengine niliyaandika kwa mkono wangu. Siku moja mvuvi mmoja, mtu mzima mwenye familia, alinisikiliza nikimshauri kwa muda mrefu, nilipomaliza akaniambia kwa upole: "Sista, mimi sijachoka dawa. Tarehe yako imeingia gizani."

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti dagaa, kwa hiyo mitumbwi inatulia, nyavu zinashonwa, na watu wanapata nafasi ya kwenda mjini, kwenye misiba na kliniki. Giza likishika, hakuna tajiri wa mtumbwi atakayemwachia mtu wake akae kwenye foleni yetu, kwa sababu hizo ndizo siku ambazo kipato cha mwezi mzima hupatikana. Sisi kwa upande wetu tulikuwa tunampangia mteja kurudi baada ya siku 28, ili siku yake iangukie siku ile ile ya wiki na asiishiwe na vidonge 30 vya kopo lake. Mwezi mwandamo una siku 29 na nusu. Maana yake ni kwamba kila mzunguko tarehe yetu ilirudi nyuma siku moja na nusu ikilinganishwa na mwezi, hivyo aliyeanza dawa wakati wa mbalamwezi alijikuta baada ya mizunguko mitano tarehe yake imesogea zaidi ya wiki nzima, na baada ya mizunguko kumi imetua katikati ya giza. Yeye alikuwa yule yule wa siku ya kwanza, ila kalenda yetu ilikuwa inamhama kidogo kidogo.

Nilichukua kalenda ya Kiislamu iliyokuwa imetundikwa kwenye chumba cha dawa, kwa kuwa tarehe 13, 14 na 15 za mwezi mwandamo ndizo za mwezi mpevu, nikampa kila mteja mvuvi namba isiyo na jina, kisha nikachora safu tatu: tarehe tuliyompa, umri wa mwezi siku hiyo, na kama alikuja. Nilimaliza usiku, kwa mwanga wa simu. Waliokosa walijipanga upande mmoja wa ukurasa kama watu walioambiwa wasimame pale. Mganga Mfawidhi wetu, ambaye namshukuru mpaka leo kwa kutonicheka, alikubali tarehe za wavuvi zipangwe kwa kufuata mwezi, na tukaacha kuandika kwamba wamechoka.

Waheshimiwa, nilichokifanya pale ni modeli, ingawa sikulijua neno hilo. Modeli ni imani yetu kuhusu jinsi jambo linavyotokea, iliyoandikwa kwa namba na kwa muda, kiasi kwamba inaweza kutabiri jambo na utabiri huo ukaonekana kuwa kweli au si kweli. Maneno "mteja amechoka dawa" hayakutabiri chochote. Maneno "tarehe imeingia gizani" yalitabiri nani atakosa, mzunguko wa ngapi, na hata lini atarudi kuhudhuria vizuri bila ushauri wowote, yaani baada ya mizunguko kama 20, tarehe zetu zitakapokutana tena na mbalamwezi. Kama utabiri huo ungekwenda kombo, ningejua nimekosea na ningetafuta sababu nyingine. Programu zetu nyingi za kubadili tabia hazina mahali ambapo zinaweza kuonekana zimekosea, na hilo ndilo linalonifanya niandike.

Miaka iliyofuata ilikuja kwetu programu ya ujumbe wa simu, yenye mfadhili ambaye sina haja ya kumtaja. Ujumbe ulikuwa ule ule, kila siku, saa mbili usiku, ukimkumbusha mteja kumeza dawa. Katika giza, saa mbili usiku mtumbwi umekwishaondoka na mtandao umebaki ufukweni. Katika mbalamwezi, saa hiyo mvuvi ameketi na wenzake na simu yake iko katikati yao ikipiga muziki. Mama mmoja alikuja kliniki asubuhi akiwa hajalala, kwa kuwa ujumbe uliingia wakati simu yake iko mkononi mwa shemeji yake. Wiki za kwanza wateja walituambia unasaidia, na nadhani walisema kweli. Baadaye walituambia hawaufungui tena. Hakuna aliyeandika ni wiki ya ngapi ulianza kutofunguliwa, kwa sababu ripoti ya mwisho ilihesabu idadi ya ujumbe uliotumwa na ikaishia hapo.

Majirani zetu Wakenya wametupa somo ambalo tungepaswa kulisoma kabla ya kutuma hata ujumbe mmoja. Katika kituo cha afya cha Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, watafiti waliwagawa kwa bahati nasibu watu wazima 431 waliokuwa wameanza dawa za kufubaza virusi: wengine hawakupata ujumbe, wengine waliupata kila siku, wengine kila wiki, na ujumbe wenyewe ulikuwa ama mfupi ama mrefu wenye maneno ya kutia moyo. Makopo ya dawa yalifungwa vifuniko vinavyorekodi kila vinapofunguliwa, kwa hiyo watafiti hawakutegemea maelezo ya mdomo peke yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kwa muda wa wiki 48, kati ya waliopata ujumbe wa kila wiki asilimia 53 walifikia ufuasi wa asilimia 90 au zaidi, ambapo kati ya wasiopata ujumbe walikuwa asilimia 40. Ujumbe wa kila siku haukuleta tofauti ya maana, na maneno ya kutia moyo hayakuongeza kitu.

Mwaka mmoja kabla, jarida la Lancet lilikuwa limechapisha utafiti wa WelTel uliofanyika katika kliniki tatu za Kenya kwa watu 538. Wao walituma neno moja tu mara moja kwa wiki: "Mambo?" Mteja alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida", na aliyesema "Shida" au aliyekaa kimya alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Asilimia 62 ya waliopata salamu hiyo waliripoti ufuasi mzuri, dhidi ya asilimia 50 ya wasioipata, na waliofubaza virusi walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48. Nawaomba mlitafakari neno lenyewe kwa dakika moja. Shemeji akilisoma, halimwambii chochote kuhusu ugonjwa wa mtu. Ni salamu ya barabarani, na mwenye simu peke yake ndiye anayejua kwamba nyuma yake yuko muuguzi anayesubiri jibu.

Sasa, kwa nini ujumbe wa wiki ulishinda wa kila siku? Hapa ndipo modeli inapotulazimisha kusema wazi kile tunachokiamini. Kama kazi ya ujumbe ni kukumbusha tu, basi wa kila siku ulipaswa kushinda, maana dawa humezwa kila siku, na haukushinda. Kama mtu huzoea mlio wa simu hadi asiusikie tena, basi ujumbe wa kila siku utakuwa na nguvu mwanzoni kisha utakufa mapema, ambapo wa wiki utapungua taratibu, na rekodi za vifuniko zinaweza kuonyesha mkunjo huo wiki kwa wiki. Kama kinachofanya kazi ni mtu kuhisi kwamba kuna anayemjali, basi salamu yenye jibu na simu ya muuguzi ndiyo kiini chake, na siku muuguzi atakapoacha kuwapigia wanaosema "Shida" matokeo yataporomoka hata kama salamu inaendelea kutumwa. Haya ni maelezo matatu tofauti, kila moja lina utabiri wake, na kila moja lingetupeleka kwenye bajeti tofauti kabisa: la kwanza lingenunua ujumbe mwingi, la pili lingenunua ukimya, la tatu lingeajiri wauguzi. Mimi, kwa niliyoyaona, naelemea la tatu likichanganyika na la pili, lakini mawazo yangu si ushahidi, na ndiyo maana naomba kompyuta iyapime.

Wataalamu wa nje wamekwenda mbali katika jambo hili. Mwaka 2011 William Riley na wenzake walitoa hoja kwamba nadharia kubwa za tabia za kiafya ziliundwa kumweleza mtu kama anavyoonekana siku moja, hivyo hazitoshi kuongoza programu ya simu inayoweza kuzungumza naye kila saa. Mwaka 2014 Daniel Rivera, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Arizona State, akiwa na Eric Hekler na wengine, waliichukua nadharia ya mwanasaikolojia Albert Bandura kuhusu jinsi mtu anavyojifunza na kuamini kwamba anaweza, wakaiandika upya kama mfumo wa matangi ya maji yenye mabomba ya kuingiza na ya kutoa. Waliofunzwa uuguzi wamesoma nadharia hiyo darasani kama visanduku na mishale. Kwenye matangi, mishale inapata kasi.

Niruhusuni niieleze kwa mtungi, kwa kuwa mtungi tunaujua. Imani ya mvuvi kwamba anaweza kumeza dawa kila siku bila kugundulika ni maji yaliyomo mtungini. Siku aliyomeza salama inaongeza kikombe. Kipimo cha virusi kinachorudi na majibu mazuri kinaongeza ndoo. Mtungi nao unavuja kila siku, taratibu, na siku ambayo mwenzake kambini ameuliza "hivyo vidonge vya nini?" unapata ufa. Ujumbe wetu unamimina pia, lakini kila unapomiminwa kabla ule wa jana haujafanya kazi, kikombe kinachofuata kinakuwa kidogo zaidi. Anayepanga programu anatakiwa kujibu maswali ambayo hatujawahi kuulizwa kwenye andiko lolote la mradi: kikombe ni kikubwa kiasi gani, mtungi unavuja kwa kasi gani, na inachukua siku ngapi kikombe kilichopungua kurudi ujazo wake? Kompyuta inaweza kujaribu maelfu ya majibu ya maswali hayo, ikayalinganisha na kumbukumbu halisi za watu waliokuja na waliokosa, ikabakiza yale yanayoendana nazo. Baada ya hapo inaweza kuambiwa iendeshe mwaka mzima wa programu ambayo bado haijaanza, kwa wavuvi, kwa wakulima wa msimu, kwa wanafunzi wa bweni, na kutuonyesha ni wapi itaishiwa nguvu, kabla hatujatumia shilingi.

Wala kujifunza hakuishii kabla ya kuanza. Huko Marekani ilijaribiwa programu ya simu iitwayo HeartSteps ya kuhimiza watu kutembea. Kwa wiki sita, mara tano kwa siku, simu yenyewe iliamua kwa bahati nasibu kama itume pendekezo au inyamaze. Kwa taarifa za watu 37, pendekezo la kutembea liliongeza hatua za dakika 30 zilizofuata kwa asilimia 24, lakini nguvu hiyo ilikuwa inapungua kadiri siku zilivyosonga. Watu 37 ni wachache kuliko foleni yetu ya Jumatatu. Kilichowapa jibu ni kwamba kila mtu alipimwa mara nyingi, katika saa tofauti, akipata na asipopata, na kwamba ukimya nao uliandikwa kama sehemu ya tiba.

Najua swali litakaloulizwa mezani: je, sisi tunayaweza haya? Tunayaweza, kwa sababu tayari tunayafanya kwa mbu. Tangu daktari Mwingereza Ronald Ross alipoandika milinganyo yake ya malaria mwaka 1911, ni magonjwa machache yaliyopigiwa hesabu kama huo, na Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria, kwa kushirikiana na Taasisi ya Uswisi ya Swiss TPH, umetumia modeli ya OpenMalaria kukadiria halmashauri kwa halmashauri ni mchanganyiko gani wa afua, yaani hatua za kukabili ugonjwa, unaofaa wapi, kazi iliyochapishwa mwaka 2020. Tanzania imekubali kwamba neti, dawa na upuliziaji haviwezi kugawiwa kwa kipimo kimoja nchi nzima. Kwa mbu tunahesabu anaishi siku ngapi na anauma saa ngapi. Anayetakiwa kulala chini ya neti bado tunamchukulia kana kwamba analala saa ile ile na watu wote wa nchi hii, wakati mvuvi wa dagaa yuko majini usiku kucha na neti yake iko ndani ya begi kambini, naye analala mchana mbu wanapokuwa wamepumzika. Kumhubiria mtu huyo matumizi ya neti kwa tangazo la redio la saa tatu usiku ni kumimina maji nje ya mtungi.

Sina nia ya kudharau tulipofika. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wanaoishi na VVU asilimia 82.7 walijua hali zao, kati ya hao asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa, na kati ya walio kwenye dawa asilimia 94.3 walikuwa wamefubaza virusi. Nilikuwa kazini enzi ambazo tuliwazika watu kila wiki, kwa hiyo nazisoma namba hizi kwa moyo wa shukrani. Ila kadiri tunavyokaribia mwisho, wanaobaki ndio wale ambao programu ya mtu wa wastani haiwagusi: anayehama mwalo kwa mwalo, anayebadilisha laini ya simu kila msimu, binti anayetumia simu ya bosi wake. Nguvu zaidi ya ile ile haitawafikia. Na tangu Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake na kliniki zikaona kilichotokea kwa wafuatiliaji na WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao, hakuna tena fedha ya kujaribu kwa kubahatisha.

Ombi langu la kwanza, na ndilo ninalolisisitiza kuliko mengine, ni kwamba kila andiko la programu ya kubadili tabia linaloletwa wizarani, liwe la serikali, la mfadhili au la asasi, liambatane na ukurasa unaosema kwa namba: tunategemea badiliko hili lionekane baada ya siku ngapi, litadumu muda gani afua ikikoma, litapungua kwa kasi gani likiendelea kurudiwa, ni kundi gani halitaguswa, na ni matokeo gani yatakayotufanya tukiri kwamba tulidhani vibaya. Asiyeweza kuujaza ukurasa huo bado hajafikiri vya kutosha, na arudi akafikiri. Kompyuta inakuja baada ya ukurasa huo. Bila ukurasa, kompyuta itatupambia tu yale tuliyokuwa tukiyaamini tangu mwanzo.

Linalofuata ni takwimu zenyewe. Kliniki zetu zinaandika tarehe ya miadi na tarehe mteja aliyofika, na kanzidata ya CTC2 inazitunza. Hiyo ni hazina kubwa, lakini kwa uzoefu wangu huulizwa swali moja tu, ni wangapi walikuja robo hii. Naomba iulizwe lini, na baada ya nini. Iulizwe kama waliokosa wanafuata msimu wa pamba, mnada, mfungo wa Ramadhani, kufunguliwa kwa shule au mwezi wa angani. Wateja imara siku hizi hupewa dawa za miezi mingi kwa pamoja, na hilo ni jema sana, lakini wiki 24 ni siku 168, na mizunguko sita ya mwezi ni siku 177. Tofauti ya siku tisa kila ziara ina nguvu ya kumtoa mvuvi mbalamwezini kwa mkupuo mmoja au miwili. Kabla ya kompyuta kuchora mkunjo wowote, aketishwe mezani mvuvi, muuguzi wa zamu na mhudumu wa jamii, waseme wanachojua, kwa sababu hakuna mashine ambayo ingenong'onezwa kuhusu giza kama hakuna aliyeuliza.

Mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano, uliozinduliwa Januari 2024, ni mahali pazuri pa kuanzia. Mhudumu mmoja ana kaya nyingi na siku chache. Kumwambia azitembelee zote kwa zamu ni rahisi kwenye karatasi. Modeli ingeweza kumwambia kaya ipi mtungi wake unakaribia kukauka wiki hii, na ipi inaweza kusubiri bila madhara. Nasema "kumwambia" kwa tahadhari: neno la mwisho liwe lake, na kila anapoipinga modeli sababu yake iandikwe, maana upinzani wa mtu anayeijua mitaa ni takwimu ya thamani kuliko nyingi tunazozikusanya.

Kuhusu siri sitanii hata kidogo. Modeli inayojua mtu analala wapi, anaamka saa ngapi na amekosa dawa siku gani ni kitu cha hatari kikiangukia mikono isiyo sahihi. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya hali ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Naomba programu za aina hii zipite Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla ya kuanza, takwimu zikae nchini, majina yabaki kliniki, na mteja aelezwe kwa Kiswahili anachoelewa kwamba mwenendo wake unatumika kujifunza, na kwamba anaweza kukataa na dawa zake asinyimwe. Naomba pia modeli isitumike kamwe kumwadhibu mtu, wala kumwita mtoro mtarajiwa kwenye jalada. Nimeona neno "mtoro" linavyobadilisha sura ya mhudumu kabla mteja hajafungua mdomo.

Na kazi hii isikodishwe yote nje. Vyuo vyetu vina wanahisabati na watakwimu wanaomaliza shahada na kuajiriwa kuhesabu mikopo ya simu. Taasisi ya Afya Ifakara na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, zimeshafundisha kizazi cha watafiti wa malaria. Wachache kati yao wakiwekwa kliniki kwa miezi michache, wakae kwenye benchi la foleni na wasikilize, wataandika milinganyo ambayo mgeni hataiandika hata apewe kompyuta ya ukubwa gani.

Daftari langu limebaki kliniki, limefungiwa kabatini pamoja na vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za huduma za afya, na ndani yake hamna jina la mtu. Niko tayari kuitwa wakati wowote kulieleza mbele ya kamati yoyote mtakayoiteua. Ninachoomba ni kwamba kikao hicho kipangwe kati ya tarehe 13 na 15 za mwezi mwandamo, ili mvuvi aliyenifundisha naye aweze kufika.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Muuguzi wa kliniki ya tiba na matunzo,
Kanda ya Ziwa.